Kazi ya kupokea simu za dharura: moyo utazoea, tafuta sikio na miguu

Asalam alaykum. Mdogo wangu umeuliza, umeitwa usaili kazi ya kupokea simu za dharura na unaogopa moyo wako mwepesi. Mie nipo kwenye hicho kiti mwaka wa sita hapa Unguja, nakwambia moyo utazoea wenyewe, wewe tafuta sikio na miguu. Miguu kwa sababu kitu cha kwanza si kujua nini kimetokea, ni WAPI, na pahala utapajua kwa kupatembea. Mtu akipiga 112 au 114 anaanza "jamani njooni watoto wamo ndani!" na simu ikikatika hapo huna kitu hata uwe na gari kumi. Ukishapata pahala, hata akikata, gari ishatoka.

Na nani anakumbuka namba ya nyumba moto unawaka? Anakwambia "Mwembe..." halafu upepo. Mwembetanga, Mwembeladu, Mwembeshauri, Mwembemakumbi, Mwembenjugu, upi? Mie nshakaribia kuituma gari Bumbwini na mtu yuko Bumbwisudi, mama analia neno linamezwa nusu, ikabidi nimuulize "mama, sheha wenu nani?" (sheha ndo kiongozi wa mtaa) akamtaja, mwenzangu wa pembeni akaruka "huyo wa Bumbwisudi!" Moja ipo wilaya ya Kaskazini B nyengine Magharibi A, hadi leo nikikumbuka mwili unansisimka.

Mji Mkongwe nako gari kubwa haipiti vichochoro vya Kiponda, kwa hiyo uliza mapema gari isimame wapi na mipira ya maji ivutwe kutokea wapi.

Simu moja nikuhadithie. Ramadhani, karibu na futari, msichana sauti ya kitoto, karai la mafuta ya sambusa limeshika moto na bibi yake kashachota ndoo. Nikamwambia mwambie bibi asimwage, ASIMWAGE, mafuta yanayowaka ukiyatia maji moto unaruka mpaka dari. Zima jiko kama mkono unafika. Chukueni sinia kubwa, mlifunike karai taratibu, lianzie upande wenu. Nikasikia sinia linagonga, halafu kimya, halafu bibi mwenyewe kwenye simu, "mwanangu, umezima." Nikamwambia bibi msifunue, tokeni nje, mtoto asimame njia kuu aipungie gari kanga. Adhana ikaadhiniwa hedifoni bado ipo masikioni na tende nnayo mkononi.

Hiyo nilijua mwisho wake, nyingi hutojua. Unamhesabia mtu akimkandamiza babake kifua, katikati pale, kwa nguvu, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, moja mbili tatu nne, gari inafika, simu inakatwa na nyengine inaita pale pale. Huko ndo kuzito, sio damu, damu huioni. Mkitoka zamu zungumza na wenzio, usende kulala nayo. Na simu ya kimya usiikate haraka, wengi ni watoto wanachezea lakini yupo ambaye hawezi kusema.

Sasa hizi siku zilobaki kabla ya usaili panda daladala za shamba, shuka vituoni, uliza majina ya mitaa na misikiti. Wakikupangia Pemba anzia Kiuyu, maana kuna Kiuyu Minungwini na kuna Kiuyu Mbuyuni, na mtu mwenye moto atakwambia Kiuyu tu.