Kabla hujasema ni lahaja

Ukirekodi watu kumi wakitamka irabu ileile, utapata vipimo kumi visivyofanana, na hapo ndipo wengi hukimbilia kutangaza kwamba wamegundua lahaja. Mwanafunzi akiniletea chati yake ya irabu, huanza kwa kumuuliza: tofauti hii imetoka mwilini au imetoka kwa jamii?

Mwaka 1952 watafiti Gordon Peterson na Harold Barney walichapisha vipimo vya irabu za wasemaji 76 wa Kiingereza cha Marekani. Kwenye irabu moja iliyo karibu na a yetu, wastani wa formanti ya kwanza (formanti ni masafa ambayo njia ya sauti huyapa nguvu zaidi, na ndiyo yanayotofautisha irabu) ulikuwa Hezi 730 kwa wanaume, 850 kwa wanawake na 1,030 kwa watoto. Sehemu kubwa ya pengo hilo ni umbile tu: njia ya sauti, toka kooni hadi midomoni, ikiwa fupi, formanti hupanda. Kwa hiyo usiweke Hezi za babu kando ya za mjukuu ukazilinganisha hivyohivyo. Zisawazishe kwanza. Mimi hupenda njia ya Lobanov ya mwaka 1971: katika kila kipimo cha formanti unatoa wastani wa formanti hiyo kwa msemaji huyohuyo, kisha unagawa kwa mchepuko sanifu wake, yaani kiasi ambacho vipimo vyake hutawanyika kuzunguka wastani huo. Sharti uwe na irabu zake zote. Ukiwa na mbili tatu tu, wastani wenyewe utakupotosha.

Kwa kupima, programu ya kuchanganua sauti iitwayo Praat ni ya bure na inatosha kabisa, ila usiiamini kwa kufumba macho. Kikomo cha juu cha masafa ambamo programu itatafuta formanti kiweke karibu na Hezi 5,000 kwa mwanamume na 5,500 kwa mwanamke, halafu kagua mwenyewe spektrogramu, yaani picha ya masafa ya sauti.

Tena mtu mmoja hana matamshi mamoja. Mwanaisimu William Labov alilionyesha hilo mwaka 1962 katika maduka makubwa matatu ya New York. Aliuliza bidhaa ambayo alijua iko ghorofa ya nne, akajibiwa “fourth floor”, maneno yenye r ambayo wakazi wengi wa mji huo walikuwa wakiidondosha, kisha akajifanya hakusikia. Wauzaji waliporudia kwa uangalifu, r ilisikika mara nyingi zaidi. Muuzaji ni yuleyule, na jibu ni lilelile.

Ndiyo maana nakusihi usianze na orodha ya maneno. Mtu akishikishwa karatasi hujirekebisha papo hapo. Anza na maongezi, mwache asimulie jambo linalomgusa, na orodha uitoe mwishoni kabisa.