Maikrosfia zinazoelea: mliochukua hii projekti someni kwanza

Wadogo zangu wa mwaka wa mwisho naona wengi mmeikimbilia hii ya maikrosfia, yaani vichembe vya dawa vinavyoelea tumboni ili dawa ikae humo masaa mengi, na najua kwa nini, ukisoma unaona rahisi tu, unayeyusha polima (kitu kama plastiki kinachobeba dawa) na dawa kwenye ethanoli na daikloromethani, unamimina kwenye maji yanayokorogwa, unachuja, unakausha, unga unaelea, unaandika ripoti. Mimi hapa Moshi ilinila miezi minne.

Tuanze na dawa. Nilichukua metformini, ile ya kisukari, kwa sababu ilikuwepo stoo, basi. Sikuwaza kwamba metformini inapenda maji kuliko samaki, na hii njia yote inafanyika ndani ya maji, kwa hiyo nilipokuja kupima yale maji niliyochuja nikakuta dawa yangu karibu yote imehamia humo, vichembe vizuri vya duara lakini ndani hola. Tafuteni dawa isiyoyeyuka kirahisi kwenye maji ila tumbo ndo linaifaa, mfano sinarizini ya kizunguzungu, inayeyuka kwenye asidi, ikishafika utumbo mdogo inagoma. Msichukue aspirini, mtu atakaa na kitu kinachomchoma tumbo masaa yote hayo, wala omeprazoli maana asidi inaiua.

Alafu PVA, ule unga unaoyeyushwa kwenye yale maji ya kukoroga ili vichembe visishikane. Usiimwage yote mara moja kwenye maji ya moto, utapata mabonge kama ugali wa mtu anayejifunza. Inyunyize kwenye maji baridi huku yanazunguka ndo upashe mpaka kama nyuzi 80, uache ipoe.

Jambo ambalo nilichelewa sana kulielewa ni kwamba kinachofanya ielee ni uwazi wa ndani. Ethanoli inakimbilia kwenye maji haraka, polima inaganda nje kama ganda la yai, daikloromethani inabaki katikati mpaka ivukize, na yenyewe inachemka kwenye nyuzi 40 hivi. Sasa mimi nilifanya mwezi wa saba, mnaijua baridi ya Moshi mwezi wa saba, maji ya bomba kama ya friji, haivukizi ng'o. Nikaweka besini la maji ya uvuguvugu nje ya bika ndo mambo yakakaa. Na umeme ukikatika katikati ya kukoroga pole yako, zangu zilishikana zote kama karanga za kashata, batchi nzima nikatupa. Anza asubuhi, uliza kwanza kama kuna mgao.

Kuelea kwenyewe ndo watu wanajidanganya. Nilimwonyesha mwalimu bika, unga wote uko juu, nafurahi, akadondosha Tween 80 kidogo, ni kitu kama sabuni, nusu ikazama hapo hapo mbele yangu. Hata unga wa ngano ukiunyunyiza juu ya maji unakaa juu kwanza, ni ngozi ya maji inaushika, sio kwamba ni mwepesi. Kwa hiyo pima kwenye asidi ya pH 1.2, nyuzi 37, weka Tween 80 asilimia 0.02, koroga masaa 12 kama unadai masaa 12, alafu kusanya zilizoelea na zilizozama kila moja kivyake, kausha, pima uzito, zilizoelea gawanya kwa jumla ya zote mbili. Kuangalia kwa macho na kuandika "zinaelea vizuri" hapana jamani. Kata chache kwa wembe uziangalie kwenye hadubini, nyingine utakuta zimejaa ndani kama jiwe.

Kwenye disolushini, yaani kupima dawa inavyotoka kwenye vichembe, tumia kikapu cha waya cha kuzifungia, zikiwa huru zinapanda juu zinaganda kwenye kuta za chombo, na ukivuta sampo bila filta unavuta na chembe, chembe inaendelea kuachia dawa humo kwenye kichupa na absobansi, ile namba ya mashine inayoonyesha kiasi cha dawa, inapanda, unashangilia bure.

Na glovu hizi za kawaida daikloromethani inapita ndani ya dakika chache, ukisikia kidole kimekuwa cha baridi ghafla jua imeshaingia, vua, nawa, vaa nyingine.