Nina miaka 58 na nimeanza kuuliza maswali. Ninazeeka vibaya?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni muuguzi, nina miaka 58, naishi Tanga. Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Daktari aliniambia nitembee kwa ajili ya presha, basi nikitoka zamu huenda Raskazone kutembea kando ya bahari. Huko nikaanza kuandika kwenye daftari saa ambazo maji yanajaa na kupwa, maana niliona kila siku yanachelewa kidogo kuliko jana. Nimezaliwa mji huu na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Watoto wananicheka. Mume wangu anasema uzee umenipanda kichwani.

Lililonifanya niandike ni jingine. Wiki iliyopita nilimfokea binti mmoja mgeni wodini, na katikati ya maneno nikasikia sauti ya marehemu mama yangu. Maneno yale yale niliyoapa sitamwambia mtoto wa mtu. Tangu siku hiyo najichunguza kila ninachosema, usiku silali. Hata majina ya watu yananitoka. Ninazeeka vibaya, Shangazi? Niachane na daftari nitafute shughuli za umri wangu?

Muuguzi, Tanga

Marahaba, mdogo wangu, na pole na zamu.

La majina nilimalize kwanza, kwa kuwa wewe ni mtu wa wodi na tutaelewana haraka. Jina kukwama ulimini halafu likaja lenyewe ukiwa unaosha vyombo, hilo linatupata wengi tukishavuka miaka 50. Kichwa kinachelewa kulitoa, hakijalipoteza. Ungeniambia umepotea njia ya kurudi kwako, au umesahau kuandaa sindano uliyoiandaa maisha yako yote, ningekwambia kapimwe kesho. Hata hivyo, siku ya kliniki ya presha mtajie daktari na hili. Kukosa usingizi peke yake kunamfanya mtu asahau. Upungufu wa vitamini B12 na matatizo ya tezi ya shingo nayo huleta usahaulifu, na yote yana tiba.

Sasa daftari. Mdogo wangu, nilipofika hapo kwenye barua yako nilifurahi kweli. Mtu ameiona bahari ile ile tangu utotoni, na leo anasimama anauliza kwa nini inachelewa! Jibu lipo juu ya kichwa chako. Mwezi ndio unaoyavuta maji ya bahari, nao unatuzunguka kuelekea upande ule ule ambao dunia inajizungusha. Dunia ikimaliza saa zake 24, mwezi umeshasogea mbele kidogo, na pwani yako inahitaji kama dakika 50 zaidi kuufikia tena. Ndiyo maana maji yaliyojaa leo saa 10 alasiri, kesho yatajaa kwenye saa 11 kasoro dakika 10. Ongeza safu ya pili kwenye daftari, uandike hali ya mwezi: umeandama, umefika nusu, umepevuka. Ukifuatilia mwezi mzima utaliona bamvu, yaani siku za maji makubwa, likija na mwandamo na mpevu, tofauti ya maji ya juu na ya chini ikipita hata mita 3, na katikati yake siku za maji mafu ambapo bahari haiendi mbali wala hairudi sana. Halafu wafuate akina mama wanaolima mwani kule Mkinga. Kazi yao inategemea kupwa kwa bamvu, na hesabu hizo wanazo kichwani bila daftari. Waulize walijifunza kwa nani. Nadhani utakaa nao mpaka jua lizame.

Wanaokucheka usiwagombeze, lakini usiwaachie walitaje jambo hili kwa jina la uzee. Kizazi chetu kimelelewa na wanawake walioingia darasani wakiwa watu wazima. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na akina mama wakaenda kwenye kisomo jioni, mtoto mgongoni, kujifunza kuandika majina yao. Hakuna aliyesema wamerudi utotoni. Na jirani zetu Kenya, mzee Kimani Maruge alijiandikisha darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, baada ya serikali kufuta ada za shule za msingi. Alitaka aisome Biblia mwenyewe, asisomewe. Akakaa dawati moja na watoto wadogo kuliko wajukuu wake, amevaa sare ya shule. Wewe una miaka 58 na daftari la kaunta. Mumeo usimshawishi kwa maneno mengi. Siku moja mwambie akusindikize, na mkifika muulize yeye alitamani kujua nini alipokuwa kijana. Wanaume wengi wa rika lake hawajaulizwa swali hilo tangu walipoanza kazi.

Nije kwenye sauti ya mama, maana naamini hiyo ndiyo barua yenyewe.

Nimeona kitu kwenye maandishi yako. Ukiwa na bahari unaandika saa, unatazama, unauliza kwa nini. Maji yakichelewa huyagombezi. Ukijigeukia mwenyewe, daftari unaliweka chini na unakaa hakimu. Unajisomea mashtaka usiku kucha, na hukumu umeshaitoa kabla ya kusikiliza. Huko sikuiti kujijua. Mtu anayejishtaki hajifunzi lolote juu ya nafsi yake, kwa sababu anatafuta adhabu, hatafuti sababu. Ningependa ujitazame kwa jicho lile lile unalotazamia maji.

Kwa hiyo andika. Siku ile ilikuwa zamu ya ngapi mfululizo? Ulikuwa umekula? Binti alikosea nini hasa, na wewe uliogopa nini? Nauliza kuhusu hofu kwa makusudi. Muuguzi mwenye uzoefu anayefoka, mara nyingi ameona kosa ambalo lingeweza kumdhuru mgonjwa, na mwili wake umetangulia kabla ya busara. Huenda kwako haikuwa hivyo. Wewe ndiye unayejua.

Kisha muulize mama swali hilo hilo, ingawa hayupo. Ulipokuwa msichana wa miaka 13 au 14 ilikuwa ile miaka baada ya Vita vya Kagera. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, unga kwa foleni. Mama anarudi na kilo moja ya kugawanya kwa watu wangapi? Sisemi njaa ilihalalisha maneno aliyokuambia. Kama yalikuumiza, yalikuumiza, na una haki ya kusema hivyo mpaka leo. Nasema tu kwamba ulimsikia ukiwa mtoto, na mtoto husikia ukali, hasikii hofu iliyo nyuma yake. Sasa una umri mkubwa kuliko aliokuwa nao mama yako siku zile. Ni mara ya kwanza unaweza kumtazama kama mwanamke mdogo kwako, aliyezidiwa. Kuna shangazi au mama mdogo bado yuko hai? Nenda kwake na maandazi, ukae, umuulize mama alikuwaje kabla hajawa mama yenu. Usichelewe, maana wazee wanaotukumbukia wazazi wetu wanapungua kila mwaka.

Binti wa wodini usimwache hivi hivi. Kumwonea aibu kimyakimya hakumsaidii. Yeye anajua tu kwamba alifokewa na mkubwa wake, na kesho akikwama kwenye dozi ataogopa kukuuliza. Mwite pembeni, mbali na wenzake, umwambie wazi: "Mwanangu, siku ile nilikufokea. Kosa lilistahili kusemwa, lakini si kwa namna ile. Nisamehe." Usiongeze "lakini na wewe". Ukishamaliza, muulize ni kitu gani angependa kuelekezwa taratibu, na umwelekeze. Huenda mama yako hakupata wa kumwambia maneno hayo, wala wewe hukuyasikia kutoka kwake. Huyo binti anaweza kuyasikia wiki hii.

Umeniuliza kuhusu shughuli za umri wako. Wakati wa kustaafu watakuja watu wengi na mipango ya kiinua mgongo chako: mabanda ya kuku, bodaboda, wajukuu wa kulea. Mingine ni mizuri, na wajukuu ni furaha. Ila nimewaona wastaafu waliotoka kazini bila swali hata moja lililo lao, na asubuhi ya Jumatatu ya kwanza wamekaa barazani wanasubiri simu ya mtoto. Miaka miwili uliyobakiza ni muda mzuri wa kugundua kinachokuvuta kabla sare haijavuliwa. Leo ni maji, kesho huenda ikawa makaburi ya kale ya Tongoni, au kuelewa maana ya sala unazosali kila siku. Ruhusu kibadilike. Usimwahidi mtu cheti wala faida.

Usiku, swali likija, liandike mstari mmoja ulifungie daftarini mpaka mchana. Kama baada ya wiki tatu bado hulali, usiningoje mimi. Mwone daktari wako na umweleze kuhusu mama pia, si presha peke yake.

Shangazi yako