Ukienda ranchini kuchunga ng'ombe kwa farasi, nenda polepole

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia kunijulisha kwamba amekwisha kulipia likizo ya siku saba katika ranchi ya ng'ombe, ambako wageni hupewa farasi na kushiriki kazi za kila siku. Furaha yake ilionekana katika kila sentensi, na baada ya salamu aliniuliza jambo moja tu: atakaa siku ngapi kabla ya kuruhusiwa kumtoa farasi shoti nyuma ya kundi? Nililisoma swali hilo mara tatu. Mimi mwenyewe niliwahi kuliuliza, karibu kwa maneno yaleyale, na namna nilivyopata jibu bado inaniuma ingawa miaka sita imepita. Kwa kuwa mwezi uliopita nimerudi tena ranchini, na safari hii nimetoka na jambo la kujivunia, nimeona nimjibu hapa ili wengine wenye hamu kama yake wasome pia.

Nilipokwenda mara ya kwanza nilikuwa nimejifunza kupanda farasi kwa miaka miwili katika shule yenye uwanja uliozungushiwa uzio. Nilijua kukaa wima juu ya tandiko, kushika hatamu kwa mikono miwili, kumtoa farasi katika mwendo wa kutembea hadi mwendo wa kudunda, kutoka hapo hadi shoti, na kumrudisha bila kumvuta kwa nguvu. Mwalimu wangu alinisifu, nami nikazichukua sifa zile kwa uzito kuliko zilivyostahili. Kabla ya safari nililetewa fomu yenye swali kuhusu kiwango cha uzoefu, na bila kusita nikajiandika kuwa mpandaji mzoefu. Ndugu msomaji, fomu hiyo haiulizwi kwa ajili ya heshima yako. Ndiyo inayowaongoza watu wa ranchi kukuchagulia mnyama, na ukijipandisha daraja kwenye karatasi utajikuta juu ya farasi asiye wa daraja lako.

Hata hivyo msimamizi wa ranchi ile, mwanamume wa maneno machache, siku ya kwanza alinipa farasi mzee mwenye mwendo wa upole ili anitazame kwanza. Nililiona jambo hilo kuwa dharau, na jioni nikamwomba farasi mwenye nguvu zaidi. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama nina hakika, nami nikamjibu kwamba ninayo.

Asubuhi iliyofuata nilipewa farasi jike mwekundu aliyefundishwa kazi ya ng'ombe tangu ujana wake. Farasi wa namna hiyo haongozwi kama wale wa uwanjani. Hatamu hushikwa kwa mkono mmoja, na zikilazwa tu upande wa kushoto wa shingo yake, yeye hugeuka kulia. Tena ng'ombe akichomoka kundini, farasi huyo humfuata hata kabla mpandaji hajaamua. Nilielezwa haya yote kwa dakika chache, nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa anayajua, kisha nikapanda na kushika hatamu kwa mikono miwili kama nilivyozoea.

Kazi ya siku ile ilikuwa kuhamisha ng'ombe wapatao 60 pamoja na ndama wao kutoka malisho ya bondeni kwenda malisho ya juu, mwendo wa kilomita 9 hivi. Farasi akitembea kwa kawaida huenda kilomita 6 au zaidi kidogo kwa saa, lakini kundi lenye ndama huenda taratibu kuliko hivyo, na lazima farasi alingane nalo. Nilikuwa nimepangwa ubavuni mwa kundi. Kwa saa mbili hakukutokea lolote, nami nikaanza kuchoshwa na utulivu ule ambao leo najua kwamba ndio uliokuwa ustadi wenyewe wa wale waliokuwa wakifanya kazi. Tulipokaribia lango, ndama mmoja akageuka na kuanza kurudi tulikotoka. Nikaona kwamba nafasi yangu imefika.

Nikampiga farasi visigino. Alichomoka kwa nguvu ambazo sikuwahi kuzikalia, nikashtuka, nikavuta hatamu zote mbili huku miguu yangu ikizidi kumbana, ikawa namwamuru aende na asimame kwa wakati mmoja. Tulimpita ndama, tukatokea mbele yake kwa kishindo, naye akakimbilia uzio wa waya. Ndama wengine wakageuka, mama zao wakageuka kuwafuata, na katika muda mfupi kuliko huu ninaousimulia kundi zima lilikuwa linateremka bondeni kwa vumbi na makelele, likiacha nyuma kazi ya asubuhi nzima. Ndama yule alipenya katikati ya nyaya na kuchanika mguu wa nyuma. Damu ile niliiona kwa macho yangu, na ndiyo inayonirudia hadi leo kuliko kitu kingine chochote cha siku ile.

Msimamizi hakunifokea. Alishuka, akamkamata ndama, akausafisha mguu na kuutia dawa, kisha akanijia na kusema kwa sauti ya chini: "Ng'ombe hafukuzwi. Ng'ombe huachiwa njia, naye akaifuata." Akanipangia nafasi ya nyuma kabisa, ambako vumbi lote la kundi humwangukia mpandaji, na nikabaki huko hadi likizo yangu ilipokwisha. Jioni ile mgeni mwenzangu aliyasimulia mezani yaliyonipata, akaigiza nilivyokuwa nikivuta hatamu, watu wakacheka. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama niko salama. Sijakisahau kicheko kile, na sioni sababu ya kusingizia kwamba nimekisahau.

Siku mbili zilizofuata naziruka, kwa maana hazikuwa na kitu ila vumbi na ukimya wangu. Siku ya tano ndipo nilipoacha kujihurumia na kuanza kutazama. Miongoni mwa wafanyakazi alikuwamo mama mmoja wa makamo ambaye sikumwona akimkimbiza farasi hata mara moja, lakini kila alipokuwa ng'ombe walikwenda wanakotakiwa. Alikuwa akisogea hatua tatu mbele, akisimama, akirudi nyuma hatua mbili, akisubiri. Nilimwuliza anafanya nini, naye akanieleza kwa uvumilivu ambao sikuutarajia.

Ng'ombe, kama farasi, ni mnyama aliyezaliwa kuwindwa, na macho yake yako pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa. Kila ng'ombe ana eneo linalomzunguka ambalo ukiliingia anasogea, na ukitoka anatulia; kwa aliyezoea watu eneo hilo ni dogo, kwa asiyewazoea ni kubwa. Begani mwake pana mpaka usioonekana: ukiukaribia mwili wake ukiwa nyuma ya bega, huenda mbele, ukiwa mbele ya bega, husimama au kurudi nyuma. Ukijificha nyuma ya mkia wake ambako hakuoni, atageuka akutafute, na kugeuka huko ndiko kunakovuruga kundi. Baadaye nilisoma kwamba Profesa Temple Grandin wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado nchini Marekani ameyaeleza mambo haya kwa michoro, na kazi yake imebadilisha namna mazizi na njia za kupitishia ng'ombe zinavyojengwa. Yule mama alikuwa akiyatenda bila michoro.

Kuhusu ndama wangu, aliniambia jambo moja nililopaswa kuliuliza kabla ya kupanda. Ndama akitengana na mama yake hurudi mahali aliponyonya mara ya mwisho, kwa kuwa ndipo anapotarajia kumkuta. Yule ndama hakuwa mkaidi wala hakuwa akitoroka. Alikuwa akimtafuta mama yake. Ningesimama tu, mama angeita, naye angerudi mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeniandikia, jibu langu ni kwamba umeuliza swali lisilostahili kuwa la kwanza. Usihesabu siku za kungojea shoti. Nenda polepole. Ranchi ya kazi si uwanja wa kuonyesha ulichojifunza, kwa sababu ng'ombe wale ni riziki ya watu: kila wanapokimbizwa bila sababu hupunguza uzito, ndama huumia, uzio huvunjika, na hasara yote humwangukia mwenyeji wakati wewe umekwisha kurudi kwako na picha zako. Mtu anayelipa ili ashiriki kazi ya wengine amekubali kuwa mwanafunzi, na mwanafunzi asiyetaka kuwa nyuma ya kundi hajui alichokilipia.

Kabla ya hapo, hakikisha ranchi yenyewe ni ya kazi. Zipo nyingi ambazo ng'ombe ni wa kutazamwa tu na farasi hutembea kwa mstari mmoja nyuma ya kiongozi. Hakuna ubaya wowote katika hilo, ila usije ukategemea kuchunga. Utamaduni wa kupokea wageni wanaolipa si mgeni: huko Marekani ndugu watatu wa ukoo wa Eaton waliuanza katika eneo la Dakota kwenye miaka ya 1880, na mwaka 1904 wakaihamishia ranchi yao Wyoming. Uliza, kabla ya kulipa, ni kazi gani itakayokuwapo katika juma lako. Majira ya kuzaa, ya kutia alama, na ya kuwaachisha ndama kunyonya, ambayo kwa kawaida huja wakiwa na miezi sita hadi minane, yana shughuli tele. Katikati yake panaweza kuwa na majuma ya kukagua uzio na maji tu. Uliza pia kikomo cha uzito, na usikasirike ukiambiwa. Wengi hufuata kipimo kwamba farasi asibebe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, na tandiko la kazi lenye kigingi cha mbele cha kufungia kamba huweza kufika kilo 15 au zaidi, kwa hiyo farasi wa kilo 500 hukubakizia wewe kama kilo 85.

Mwili uandae kwa kutembea na kwa kunyoosha misuli ya ndani ya mapaja, kwa maana saa tano juu ya tandiko hazifanani na saa moja ya somo. Vaa suruali isiyo na mshono mnene upande wa ndani wa mguu. Nilipuuza hilo nikachubuka vibaya. Viatu viwe na kisigino cha sentimeta 2 au 3, ili mguu usipenye katika kikuku cha kukanyagia ukanasa endapo utaanguka, na kofia ngumu vaa hata kama wafanyakazi hawavai. Mkanda wa tandiko ukague tena baada ya dakika kumi za mwendo, kwa sababu farasi wengi hujijaza pumzi wakati wa kufungwa na baadaye mkanda hulegea. Kamba usiizungushe kamwe kwenye mkono wako, wala usijaribu kuizungusha kwenye kigingi cha tandiko huku ncha yake ya pili imemnasa ng'ombe. Kuna watu waliozaliwa katika kazi hiyo waliopoteza vidole gumba kwa namna hiyo. Na zaidi ya yote hayo, nenda polepole.

Mwezi uliopita nilirudi kwenye ranchi ileile. Katika fomu nilijiandika kuwa mwanafunzi, nikaomba farasi wa upole na nafasi ya nyuma. Msimamizi alinikumbuka, hakusema lolote, ila siku ya tatu alinitoa vumbini na kuniweka langoni ili nihesabu. Kuhesabu ng'ombe wanaopita langoni ni kazi ya dhamana, kwa kuwa ukisimama karibu mno wanarudi, na ukisimama mbali mno wanabanana na kuumizana. Nilisimama sawasawa na bega la kila aliyekuja, farasi wangu akiwa ametulia, nikahesabu mama 48 na ndama 47. Nikarudia hesabu malishoni, ikawa ileile, na ng'ombe mmoja mweusi alikuwa akiita huku akizungukazunguka karibu na uzio.

Nilimwambia msimamizi kwamba ndama mmoja amebaki nyuma, na kwamba nadhani najua aliko. Akaniambia niende, na nimfungulie mama lango aje nami. Tulirudi kwa mwendo wa kutembea hadi mahali kundi lilipopumzika asubuhi, mama akitangulia na mimi nikiwa nyuma yake kwa mbali, kidogo upande wa kulia ili anione. Alipofika penye majani marefu aliita mara mbili, na ndama akainuka kutoka pale alipokuwa amelala. Nilimsimamisha farasi nikangoja hadi aliposhiba kunyonya, kisha tukapanda mlima sote wanne, nao wakapita langoni bila mimi kunyanyua mkono. Nilipofika kwenye banda la matandiko farasi wa wenzangu walikuwa wamekwisha kufunguliwa na kunyweshwa maji, na msimamizi alikuwa bado amekaa nje akiningoja. Aliniuliza hesabu. Nikamjibu 48 na 48, naye akaiandika katika daftari lake.