Kompyuta inaganda na kujiwasha upya: pima RAM kwanza

Pole sana ndugu. Umesema inaganda, inaleta skrini ya bluu kisha inajiwasha upya, na hata baada ya kuweka Windows upya hali ni ile ile. Hilo la mwisho ndilo linanifanya nishuku vifaa kuliko programu. Kabla ya lolote, nakili faili zako muhimu kwenye diski ya nje, leo hii.

Kama uliwahi kuongeza kasi ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) kwenye BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka), irudishe ya kawaida. Halafu weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, washa kompyuta kupitia flashi hiyo, uiache ifanye kazi usiku kucha. Mstari mwekundu mmoja tu, yaani kosa, unatosha kuonyesha kuna tatizo. RAM iliyo salama haitoi kosa hata moja. Ukiuona, zima, chomoa waya wa umeme, toa vipande vyote vya RAM, kisha pima kimoja kimoja kwenye tundu lile lile. Kipande kikifeli hapo lakini kikapita kwenye tundu jingine, shuku tundu kabla hujanunua RAM mpya. Watu wengi huruka hatua hii na kupoteza pesa bure.

RAM ikiwa salama, angalia joto, hasa kama inasumbua wakati wa gemu au kuhariri video tu. Safisha vumbi kwenye feni. Kompyuta ikizima papo hapo bila skrini ya bluu hata kama haina joto, mshukiwa mkubwa ni pawa saplai, kile kifaa kinachoipa kompyuta umeme. Usiifungue kabisa, maana ndani hubaki umeme hata baada ya kuchomoa waya, badilisha nzima.

Skrini ya bluu ikirudi, ipige picha, unitumie ule msimbo.