Farasi wa Shaba Asiyekuwa na Uso

SWALI: Mzee, shikamoo. Nasoma Pune, India. Jumapili moja nilipita Juna Bazaar, soko la vitu vikuukuu, nikanunua kisanamu cha shaba kinachotosha kiganjani: mume na mke juu ya farasi. Nyuso zao zimefutika, hakuna pua wala macho. Wenzangu bwenini wanasema nimepigwa. Je, ni cha kale? Nikisugue king'ae? Nataka nimpelekee mama Morogoro.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo mpanda farasi ni Khandoba, mungu anayependwa sana na wafugaji na wakulima wa jimbo hilo la Maharashtra, na mwenzake ni mkewe, Mhalsa. Hekalu lake liko Jejuri, kilomita kama 50 kutoka hapo ulipo. Ukienda, usivae nguo unayoipenda. Waumini hurusha unga wa binzari manjano mpaka ngazi zinageuka njano. Shati langu jeupe lilitoka huko hivyo, na sabuni ilishindwa.

Sasa, uso. Visanamu hivi hukaa nyumbani, kwenye devghar, kijumba cha ibada ambacho mara nyingi kiko jikoni au karibu nacho. Mwenye nyumba hukiogesha kisanamu, hukifuta, kisha hukipaka binzari na kumkum, ile poda nyekundu. Fanya hivyo vizazi vitatu uone kama pua itabaki! Vidole vinakula shaba, polepole.

Kishike dirishani. Cha kweli kimelika pale kidole kinapopita: pua, magoti, paji la uso la farasi. Mafichoni, chini ya tumbo la farasi, mistari ya fundi bado mikali na pengine kuna utando wa njano na nyekundu. Cha kughushi kimesuguliwa kwa tupa, kimelika kote sawasawa, na mikwaruzo yake inaelekea upande mmoja.

Kusugua? Nakuomba usithubutu. Utando huo ndio ushahidi wako. Kitambaa kikavu kinatosha.

Ila Morogoro ina kikwazo. Sheria ya India ya 1972 hairuhusu mtu binafsi kutoa nje sanamu yenye umri wa miaka 100 au zaidi. Kipeleke kwanza Idara ya Mambo ya Kale ya huko India wakipime. Kikiwa kipya watakupa cheti cha kusafiria nacho. Kwa hiyo wenzako wakiwa wamesema kweli, mama anapata farasi wake. Ukiwashinda wewe, mnunulie bangili za kioo.