Ngozi imesawijika, au rangi imekoza?

Msomaji wa mtaa wa Umoja, Nairobi, ameuliza: "Dada yangu ameambiwa na daktari kwamba tezi zake za adrenali hazitoi homoni za kutosha, ndiyo maana ngozi yake imezidi weusi. Nikiwaandikia jamaa kwenye kundi letu la WhatsApp, niseme 'amesawijika', 'ameweusika' au 'ana adrenali'?"

Pole kwa kuuguza. Nianze na "amesawijika", maana ndilo litakalowashtua jamaa. Aliyesawijika amepoteza nuru ya uso kwa dhiki, majonzi au maradhi. Neno hilo lina huruma, lakini lina hukumu pia. Shangazi akilisoma ataanza kuuliza ni nani anayemtesa binti yake. Kumbe hili ni jambo la homoni tupu: kortisoli, homoni inayotolewa na adrenali, ikipungua, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo hutoa kwa wingi homoni ya kuzichochea adrenali, na homoni hiyohiyo huziamsha seli za ngozi zinazotengeneza melanini, ile rangi ya asili ya ngozi. Weusi huo hujitokeza hasa kwenye mikunjo ya viganja, vifundo vya vidole, viwiko, makovu mapya na fizi. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, fizi na viganja husema mengi kuliko uso.

Kwa hiyo andika: "Rangi ya ngozi yake imekoza, hasa viganjani na kwenye fizi." Kukoza ni rangi kuzidi, basi, halimwumbui mtu. "Nyeusi ti" usiiguse, kwa kuwa "ti" husisitiza weusi wa kupindukia, na huu hauko sawa kila mahali.

"Ameweusika" silikubali. Kutokana na -refu tuna refuka, na kutokana na -fupi tuna fupika, lakini -eusi haina kitenzi cha namna hiyo katika Kiswahili sanifu. Tunasema kuwa au kugeuka -eusi, na upatanisho uzingatiwe: fizi nyeusi, makovu meusi, mikunjo myeusi, viwiko vyeusi.

"Ana adrenali" ni kosa la jamaa moja na "ana tezi dume", linalosikika kila siku. Kila mwanamume ana tezi dume, na kila mtu ana adrenali zake juu ya figo. Sema "ana upungufu wa homoni za adrenali", au "anaugua ugonjwa wa Addison", kwa jina la Thomas Addison, daktari wa London aliyeueleza mwaka 1855. Wala usiandike "adrenalini". Hiyo ni homoni ya mshtuko, itokayo sehemu ya ndani ya tezi hizohizo, na si upungufu wake unaokoza ngozi.

Akishatumia vidonge vya kufidia kortisoli na mabadiliko yakaanza kuonekana, waandikie kwamba weusi unafifia. Usiseme ngozi inapauka: iliyopauka ni ngozi kavu inayodai mafuta.